Naenda Norwe semista moja, Kinorwe nijifunze au niachane nacho?

MkulimaMdogo_Moro
Wakuu habari za muda huu. Nasoma masters hapa SUA, mambo ya udongo, na nimepata nafasi ya kwenda semista moja NMBU pale Ås, kamji ka chuo cha kilimo kusini mwa Oslo, kama nusu saa kwa treni. Naondoka mwezi wa nane narudi kabla ya Krismasi. Masomo ni Kiingereza na ada silipi kwa kuwa ni makubaliano ya chuo na chuo. Sasa kwenye fomu kuna sehemu ya kuongeza kozi ya Kinorwe ya wanaoanza, nikiichukua inabidi nipunguze somo moja la maabara. Msimamizi wangu anasema niache, jamaa yangu mmoja anasema nisipochukua nitajuta. Halafu nasikia ukijaribu kuongea chao wanakujibu Kiingereza, sasa si ni kazi bure? Aliyepita huko anipe uzoefu, na kama kuna kitu cha kuanza nacho nikiwa bado Moro naomba pia. Nawasilisha.

Bonde_la_Msimbazi
Mkuu naongea ukweli hata mkinichukia. Lugha ya watu milioni tano na nusu unaipeleka wapi baada ya miezi minne? Ukirudi SUA utaulizwa maabara umefanya nini, salamu za Kinorwe hakuna atakayekuuliza. Na ile hesabu ya kusema nijifunze leo nirudi kesho kusoma bure ifute, tangu 2023 wanatoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya, zamani ndio ilikuwa bure. Piga maabara, jenga konekisheni, rudi nyumbani.

Kisumu_mpaka_Nidelva
Bonde hapo umeongea nusu bana. Niko Trondheim sai na hiyo story ya Kiingereza ni ya ukweli, dukani, kwa basi, kwa benki, hata mzee wa miaka sabini atakusaidia bila shida. Lakini ngoja saa ya lunch. Kila mtu anatoa mkate wake amefunga kwa karatasi, mnakaa meza moja, dakika mbili za kwanza ni Kiingereza juu yako uko hapo, halafu mmoja anatupa utani kwa Kinorwe, mwingine anamjibu, na hapo imeisha, unabaki unaangalia simu. Hakuna mtu amekufukuza, ni vile huwezi lazimisha watu sita wapige story zao za nyumbani kwa lugha ya kigeni juu ya mtu mmoja.

Kwa hivyo darasa peke yake haitoshi, tafuta mahali hawana nafasi ya kukubadilishia. Mimi niliingia kujitolea Studentersamfundet, ile nyumba nyekundu ya mviringo yenye wanafunzi wanaendesha wenyewe, konsati, baa, jikoni, kila kitu. Nilipewa kuosha glasi. Usiku wa wikendi muziki uko juu, foleni imefika mlangoni, nani ana nguvu ya kukutafutia Kiingereza? Mtu anapiga kelele anataka kreti, ukileta ndoo anapiga kelele tena mpaka unaleta kreti, na hilo neno hutalisahau maisha yako yote. Huko Ås pia wanafunzi wako na Samfunnet yao na kwaya ni kibao, hata kama huwezi imba wanataka watu wa kubeba meza. Na kabla utoke Moro, NTNU, chuo kikuu cha huku Trondheim, wako na kozi ya bure mtandaoni inaitwa Norwegian on the Web, anza nayo sai, usingoje ufike.

Uvira_kwa_Fjord
Jambo wandugu. Mimi ni wa Uvira, familia yetu tuliletwa huku kama wakimbizi, wakatuweka kijiji kimoja cha magharibi, mlima huku maji huku. Shuleni tulifundishwa Bokmål, barua za komune, yaani halmashauri ya hapa, zinakuja kwa Nynorsk, na jirani anaongea kitu ambacho si hiki wala si kile! Hawa watu wana maandishi mawili rasmi na kila bonde lina lahaja yake, na hawaoni haya kuongea cha kwao hata kwa redio, hata waziri. "Mimi" peke yake Oslo wanasema kama "jei", huku kwetu "eg", Trondheim "æ". Wewe wa Ås una bahati, upande ule wanaongea karibu na vile kitabu kinaandika.

Nafanya kazi nyumba ya wazee, na wale ndio walimu kabisa kabisa. Kuna bibi mmoja kila asubuhi anataka nimsomee bei kwenye karatasi la matangazo ya duka, kahawa, samaki, siagi. Nikisema tjuefem ananikatiza, "femogtjue!", maana serikali yao ilibadilisha kuhesabu mwaka 1951, kutoka tano na ishirini kwenda ishirini na tano, na yeye mpaka leo hajakubali. Kiingereza hana, na haraka pia hana, atakurudisha mpaka utamke vizuri. Vijana wa chuo hawana subira hiyo. Kwa hiyo tafuta wazee ama watoto. Msalaba Mwekundu wana watu wa kujitolea wanaotembelea wazee, uliza wa hapo mjini kwenu.

MkulimaMdogo_Moro
Asanteni sana wakuu, hiyo ya kreti nimecheka peke yangu kwenye daladala. Swali: huyo ndugu wa Uvira amesema shuleni, ina maana komune wanafundisha bure? Kama ni hivyo si naacha ile kozi ya chuo nabaki na maabara yangu.

Uvira_kwa_Fjord
Hapana ndugu, sisi tulipata kwa sababu ya karatasi za ukimbizi, na kwetu ilikuwa lazima, siyo kupenda. Kibali cha mwanafunzi hakikupi haki hiyo, ukienda komune utalipa mwenyewe na si bei ndogo. Chukua ya chuo.

Dada_wa_Upanga
Nilikaa Oslo mwaka mmoja kwa programu kama hiyo yako. Msimamizi wako na Bonde wanaangalia cheti, sawa, ila waulize kwanza chuo kama kozi ya Kinorwe ina kundi la jioni, maana vyuo vingine vinapanga jioni na hapo hupunguzi kitu. Jibu email mapema, hizo nafasi zinajaa.

Lugha yenyewe kwa Mswahili haitishi kihivyo. Kitenzi hakibadiliki, mimi, wewe, sisi, wao, kote kilekile. Jinsia za majina ni tatu, sasa mtu uliyekua na ngeli utashindwa na tatu? Kitakachokutesa ni mpangilio, kitenzi lazima kikae nafasi ya pili, yaani ukianza na "leo" basi ni "leo naenda mimi", ukikosea wanakuelewa ila unaona sura inajikunja kidogo. Na saa! Ukiambiwa "halv åtte" ni saa moja na nusu, siyo saa mbili na nusu, treni haikusubiri.

Kusoma, kuna gazeti linaitwa Klar Tale, Kinorwe chepesi na unaweza kusikiliza wakisoma. NRK, redio na televisheni ya taifa, wana Supernytt, taarifa ya habari ya watoto, wanaongea kwa kueleweka. Halafu maktaba. Mwezi wa kumi na mbili jua linatoka saa tatu asubuhi linazama saa tisa alasiri, utatafuta pa kwenda tu, basi panda treni nenda Deichman pale Bjørvika karibu na stesheni kuu, wana meza za wageni kuongea Kinorwe, bure, hakuna anayekuuliza kibali. Nimekaa pale na mama wa Kisomali na kijana wa Ukraine tukibishana kuhusu viazi, na hakuna kati yetu aliyekuwa na lugha nyingine ya kukimbilia.

Kuhusu kujibiwa Kiingereza, usione wanakudharau, wengi wanadhani wanakurahisishia. Waambie tangu siku ya kwanza pale unapokaa, jamani mimi nataka tuongee Kinorwe, hata kama ni polepole. Ukishazoeana na mtu kwa Kiingereza kumgeuza baadaye ni kazi kweli.

Bonde_la_Msimbazi
Haya, kama kuna ya jioni nimenyamaza. Maabara lakini usiguse.

Kisumu_mpaka_Nidelva
Na nguo za ndani za sufu usinunue Kariakoo, watakuuzia nailoni. Ngoja ufike uingie Fretex, duka la mitumba, na hapo uulize bei kwa Kinorwe.