Geji ya joto ya kufunga inarukaruka: sensa mbovu, waya, au gari inachemsha kweli?

Mdau wa Passo

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa wanaojua umeme wa magari.

Gari ni Toyota Passo, injini 1KR-FE. Kama mnavyojua, dashibodi yake haina mshale wa joto: taa ya bluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikizidi moto, basi. Imefungwa geji ya mshale ya milimita 52, inayosoma nyuzi 40 hadi 120. Sensa yake ina waya mmoja, imefungwa kwenye adapta ya alumini iliyounganishwa katikati ya mpira wa juu wa rejeta. Kwenye adapta kuna waya mfupi wa ethi (unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri) uliobanwa chini ya klipu ya mpira. Ethi ya geji yenyewe imefungwa boliti moja na ya redio.

Dalili ni hizi:
- Asubuhi mshale unakaa 40 dakika sita au saba, kisha unapaa ghafla hadi karibu 80, unashuka, unapanda tena, ndipo unatulia 85 hadi 90.
- Taa zikiwashwa usiku unaruka hadi 100 au zaidi. Redio ikipandishwa sauti unatetemeka.
- Kwenye barabara ya makorongo huanguka hadi 40 kisha unarudi.

Taa nyekundu haijawahi kuwaka. Kulanti (maji ya kupoza injini) imejaa, thamostati (vali inayoruhusu maji kupita kwenye rejeta) ni mpya. Duka linashauri kununua sensa nyingine. Ninunue?

Umeme Kwanza

Mkuu, usinunue chochote bado. Umeandika dalili tatu, na kila moja ina chanzo chake. Ukizichanganya utabadilisha vifaa mpaka uchoke.

Anza na hili: maji ya injini hayawezi kupanda nyuzi 10 kwa kufumba na kufumbua eti kwa sababu umewasha taa. Mshale ukiruka papo hapo unapobonyeza swichi, huo ni umeme, si joto.

Geji haipimi joto moja kwa moja, inapima ukinzani wa sensa. Sensa za aina hii ukinzani hupungua joto linapopanda. Zinazofuata kipimo cha VDO, kampuni ya kutengeneza geji, kwa mfano, zina kama omu 134 kwenye nyuzi 60, omu 69 kwenye 80, na omu 38 kwenye 100. Ona jinsi omu zinavyokuwa chache ukifika kwenye moto. Kasoro ndogo ya waya inageuka nyuzi nyingi kwenye mshale.

Kutokana na hapo, mwelekeo wa mshale unakuambia pa kutafuta. Njia ya sensa ikikatika au ikilegea, geji inaona ukinzani mkubwa na mshale unaanguka kwenye baridi. Hilo ndilo la makorongo. Adapta yako imezungukwa na mpira pande zote mbili, haigusi chuma cha injini, kwa hiyo sensa inategemea ule waya mfupi tu. Kubanwa chini ya klipu si kufungwa. Kila mtikisiko unaukatisha.

Ethi ya geji ikiwa dhaifu na inabeba pia umeme wa redio na taa ndogo za dashibodi, volti inabaki pale kwenye boliti. Geji inaona upande wa sensa kama umeshuka, inasoma moto zaidi. Hilo ndilo la taa na redio.

Thibitisha kwa multimita kwenye volti za DC, skeli ndogo. Injini inaunguruma, taa, redio na feni ya ndani vyote vimewashwa. Ncha nyeusi kwenye nguzo hasi ya betri, si kwenye klemu. Ncha nyekundu kwanza kwenye shaba ya mwili wa sensa, kisha kwenye terminali ya ethi ya geji. Ukipata zaidi ya volti 0.1 mahali popote, hapo pana kazi. Tikisa waya wa adapta huku unaangalia namba.

Mdau wa Passo

Asante sana mkuu. Majibu haya hapa.

Ethi ya geji: 0.04 kila kitu kikiwa kimezimwa, 0.37 vikiwashwa vyote. Mwili wa sensa: namba haitulii, ukitikisa waya inapotea kabisa. Nimepitisha waya wa muda kutoka ethi ya geji hadi hasi ya betri: taa zikiwashwa, mshale haukusogea. Ila kule kuchelewa asubuhi kuko vilevile.

Umeme Kwanza

Safi, umepata mawili kati ya matatu. Sasa usiache ule waya wa muda, fanya hivi.

Chagua boliti moja ya M6 au M8 kwenye injini yenyewe. Kwangua rangi na kutu hadi chuma king'ae. Vuta waya wa milimita 1.5 mraba kutoka adapta hadi hapo, na mwingine wa unene huohuo kutoka ethi ya geji hadi boliti hiyohiyo. Geji na sensa zikiwa na ethi moja, hata volti ikipanda kidogo zinapanda pamoja na mshale hausogei. Tumia terminali za pete zilizominywa kwa koleo lake, siyo kusokota na kufunga tepu, kisha paka grisi kidogo juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa. Kwenye adapta toboa na kata nyuzi za skrubu ya M4 kwenye ukingo mnene, mbali na njia ya maji. Ukimaliza rudia vipimo vilevile, unataka 0.05 au chini.

Taa ya ndani ya geji nayo iwe na ethi yake. Ikishiriki waya mmoja na geji, tatizo litarudi kwa udogo.

Mtu wa Rejeta

Naongezea upande wa maji, maana dalili iliyobaki, ile ya asubuhi, si ubovu.

Mpira wa juu hauna mzunguko wa maji mpaka thamostati ifunguke, iwe imekaa upande wa kuingilia au wa kutokea. Kabla ya hapo, injini inaweza kuwa nyuzi 75 wakati maji yaliyozunguka sensa yako yamesimama, bado yana ubaridi wa asubuhi. Thamostati huanza kufunguka kwenye joto lililogongwa kwenye bati lake, mara nyingi 82. Maji ya moto yanaifikia sensa kwa mkupuo, mshale unapaa. Kisha maji baridi yaliyokuwa kwenye rejeta yanaingia injini, thamostati inafunga kidogo, mshale unashuka. Inarudiarudia mara mbili tatu mpaka joto lisawazike. Thamostati mpya hufanya hivyohivyo, kwa hiyo usiitoe.

Lenye hatari ni hili, na tafadhali lishike: sensa iliyo kwenye mpira inasoma maji, haisomi chuma. Kulanti ikimwagika yote, sensa inabaki kwenye hewa na geji itaonyesha joto la chini huku silinda hedi inaungua. Mshale ukianguka ghafla ukiwa unapanda mlima, na waya umeshautengeneza, simama uzime injini. Usifungue kifuniko mpaka ipoe.

Hewa pia hutikisa mshale. Geuza adapta sensa ielekee pembeni au chini, kwa sababu hewa hukusanyika juu. Kutoa hewa: injini ya baridi, pua ya gari imeinuliwa, kifuniko wazi, hita kwenye moto. Washa, minya mpira wa juu polepole, ongeza kulanti kila inaposhuka, mpaka feni izunguke mara mbili na mapovu yaishe.

Kipimo Sahihi

Swali la sensa bado halijajibiwa. Kuijaribu ni rahisi: itundike kwa waya ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Soma omu kila nyuzi 10, linganisha na karatasi iliyokuja na geji. Ukitumia maji yanayochemka kama alama ya 100, kumbuka hiyo ni kweli Dar. Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, maji huchemka karibu na 94. Wengi wametupa sensa nzima kwa kosa hilo. Geji nayo ijaribu kwa kuweka rezista (kifaa chenye ukinzani usiobadilika) badala ya sensa. Ya omu 68 kwenye geji ya kipimo cha VDO inapaswa kuonyesha takriban 80.

Kuhusu tepu ya mabomba kwenye nyuzi za sensa (meno ya skrubu, si za joto): inalaumiwa kupita kiasi. Nyuzi za 1/8 NPT (kipimo cha Kimarekani cha mabomba) zina mteremko, zinapobana huikata na chuma kikagusana na chuma. Ukizungusha tabaka nyingi ndipo inaziba njia ya umeme. Pima kati ya shaba ya sensa na adapta. Ikiwa chini ya nusu omu, iache. Angalia zaidi kama nyuzi zinalingana: NPT ina nyuzi 27 kwa inchi, ya Kijapani ya 1/8 PT ina 28. Zinaingiana mizunguko michache halafu zinabana na kuvuja. Ukihisi hivyo usilazimishe, shaba itapasuka.

Na yeyote akikushauri ung'oe sensa ya injini ufunge hii mahali pake, au uunganishe geji kwenye waya wake, mkatalie. Ile ya Toyota ina kama kiloomu 2.5 kwenye nyuzi 20 na omu 320 hivi kwenye 80, na kompyuta huilisha volti 5. Geji ikining'inizwa pale, kompyuta itasoma joto la uongo, na joto hilo ndilo inalotumia kupima petroli na kuwasha feni.

Mdau wa Passo

Waya mbili zimefungwa kwenye boliti ya injini: 0.03 vyote vikiwa vimewashwa, adapta haipotezi namba hata ikitikiswa. Sensa kwenye sufuria imetoa omu 71 kwenye 80 na 39 kwenye 98. Siinunui nyingine. Kesho nageuza adapta ielekee pembeni na kutoa hewa.