Stendi mpya au darubini ya kukodi, kwa mwangaza wa milipuko ya gama?

Nuru_Dodoma
Wakuu, nina darubini ya inchi 8 na kamera yake. Nataka kufuatilia mwangaza unaobaki baada ya mlipuko wa miale ya gama (GRB), ule mlipuko mkali wa ghafla huko mbali angani. Fedha yangu inatosha kitu kimoja: stendi ya mota inayogeuka haraka, au saa kadhaa za kukodi mtandaoni darubini ya nusu mita huko Chile. Nichukue ipi?

Mwl_Fizikia
Stendi. Hapa anayewahi ndiye anayeona. Mara nyingi muda ukizidi mara 10, mng'ao hubaki karibu sehemu moja ya kumi. Piga hesabu: kioo chako cha sentimita 20, dakika ya 10, kinapata nuru sawa na kioo cha mita 2 saa 17 baada ya mlipuko! Tarehe 23 Januari 1999 mtambo wa kujiendesha wa ROTSE-I, ambao ulikuwa lenzi za kamera tu, uliunasa mlipuko ukiwa na magnitudo 9 (kipimo cha mng'ao; namba ikiwa ndogo, kitu kinang'aa zaidi), kabla hata dakika moja haijaisha.

Pwani_Angani
Mwalimu, kuwahi kunataka usiku kwanza. GRB 080319B, ule wa 2008 uliofikia magnitudo 5 na ushei, ambao jicho tupu lingeuona, ulitokea saa 3:12 asubuhi kwa saa zetu. Chile kulikuwa bado giza. Stendi ingesaidia nini? Na zaidi ya hapo, sisi wa Mombasa tuna mawingu. Kodi.

Mwl_Fizikia
Kweli, jua halina dawa. Ila GRB 221009A, tarehe 9 Oktoba 2022, ulitokea saa 10:17 jioni. Giza lilipoingia mlipuko ulikuwa na umri wa saa tatu hivi, na kundi la nyota la Sagitta, ulikotokea, bado liko juu kabisa.

Bi_Kimondo
Usiku ule nilikuwa nje na inchi 8 kama yako, nikaukosa. Tahadhari ya kwanza, ule ujumbe unaotumwa setilaiti ikinasa mlipuko, ilisema huenda ni kitu cha ndani ya galaksi yetu, nikakipuuza nikalala. Bado inaniuma. Mwezi ulikuwa mpevu, na vumbi la Njia ya Maziwa lilimeza nuru nyingi, hasa ya buluu, hivyo bila kichujio chekundu ningehangaika. Umbali wake, karibu miaka ya nuru bilioni 2, ulipimwa kwa spektra, yaani nuru iliyotawanywa kwa rangi zake, ya VLT, darubini kubwa mno ya huko Chile. Kazi hiyo hata hiyo nusu mita ya kukodi haiiwezi, kwa hiyo usiikodi kwa tamaa ya spektra. Sisi kazi yetu ni kupima mwangaza unavyofifia, saa kwa saa. Berto Monard, mtazamaji wa kujitolea wa Afrika Kusini, aligundua mwangaza wa GRB 030725 kwa darubini yake mwenyewe.

Nuru_Dodoma
Asante dada. Nachukua stendi. Kichujio chekundu nitakidunduliza.

Pwani_Angani
Sawa, ila weka tahadhari kwenye simu, na sauti iwe juu.