Ile picha ya kilima cha kijani kwenye Windows XP ni mahali kweli?

Mama Zuhura: Wakuu, salaam. Mnaikumbuka ile picha ya kilima cha kijani na mawingu, ukiwasha tu kompyuta inakupokea? Nimeitazama miaka mingi nikichapa barua za watu steshenari, na bado naipenda. Mwanangu anabisha kwamba imechorwa.

Fundi_Kamera: Mahali kweli kabisa, dada. Aliipiga Charles O'Rear, Januari 1996, kando ya barabara huko Sonoma, California. Kamera yake Mamiya RZ67, filamu Velvia. Hiyo filamu ndiyo hukoleza kijani na buluu namna ile, wala mwenyewe anasema hakuichezea.

Mkulima wa Dodoma: Sisi wa zabibu inatugusa zaidi. Kilima kile kilikuwa shamba la mizabibu. Wadudu wa filoksera wakashambulia mizizi, mizabibu ikang'olewa, ndipo nyasi zikatanda. Jamaa akapita wakati huohuo! Baadaye mizabibu ilipandwa tena, kwa hiyo ukienda leo utakuta safu za mizabibu.

Mama Zuhura: Ahsanteni sana, wakuu. Namwita mwanangu aje asome mwenyewe.