Naamka nimechoka kuliko nilivyolala: wenye tezi ya thairoidi mnaishije?

Mama Pasua: Wakuu habari zenu. Nipo Moshi, miaka 38, nauza mitumba Memorial. Mwezi wa tatu niliambiwa tezi yangu ya thairoidi, hii ya shingoni, imelegea, yaani haitoi homoni ya kutosha, nikaanzishiwa levothairoksini mikrogramu 50. Uso umeacha kuvimba, choo kimekaa sawa, lakini uchovu uko palepale. Saa 5 asubuhi nimeshaegemea robota, mteja anauliza bei mara mbili ndiyo nasikia. Na baridi hii ya mwezi wa saba, mwenzenu navaa masweta niliyopaswa kuuza. Mawifi wanasema najidekeza. Kliniki ni mwezi wa tisa. Dawa haifanyi kazi, au nakosea mahali?

Kijana wa Machame: Pole dada. Hiyo dawa unaimeza saa ngapi, na unaishushia na nini?

Mama Pasua: Saa 12 asubuhi na chai ya maziwa, nisije nikasahau. Hapo hapo nameza na vidonge vya kuongeza damu, maana damu yangu ilikuwa 9.

Kijana wa Machame: Basi hapo ndipo panapovuja! Madini ya chuma yanaikamata dawa tumboni, inayoingia mwilini inabaki kidogo. Maziwa nayo yana kalsiamu, mchezo ule ule. Meza na maji matupu, kaa nusu saa hadi saa nzima ndipo unywe chai. Vya damu visogeze mchana, masaa 4 mbali. Mimi naisubirisha kahawa saa nzima, na kwetu huku hiyo ni adhabu.

Mzee wa Kiborloni: Achana na vidonge binti yangu. Tafuta unga wa mwani, wiki tatu tu utakimbia.

Nesi Mstaafu, Arusha: Shikamoo mzee wangu, ila hapo nakukatalia. Mwani umejaa madini joto, na yakizidi yanaweza kuivuruga zaidi tezi iliyolegea. Mama Pasua, wala usijiongezee dozi, moyo utakwenda mbio. Badili umezaji kwanza. TSH, kipimo cha damu kinachoonyesha tezi inavyofanya kazi, hupimwa wiki 6 hadi 8 baada ya mabadiliko, kwa hiyo ukianza kesho, kliniki yako inaangukia palepale. Ukihisi moyo unadunda ovyo au pumzi inakata, usingoje tarehe. Ukishika mimba vilevile, dozi huwa inabadilishwa. Halafu damu 9 peke yake inatosha kumlegeza mtu. Usiitupie tezi lawama zote, ikapimwe tena.

Dada wa Ngaramtoni: Mimi nina mwaka wa sita na hii kitu. Mchana nalala dakika 20 juu ya magunia, simu inaniamsha. Nikipitiliza naamka mbovu kuliko mwanzo. Kazi nzito naifanya ile saa ninayojijua nina nguvu, nguo zinafuliwa kidogo kidogo, siyo lundo la Jumamosi. Kuhusu mawifi, hao hawaelezeki. Mume ndiye niliyekwenda naye kliniki, akasikia kwa masikio yake.

Mama Pasua: Kumbe chai! Kopo la dawa nimelitoa kabatini kwenye majani ya chai, nimeliweka kando ya kitanda na kikombe cha maji. Mzee wa Kiborloni nisamehe, mwani hapana. Mume kakubali kunisindikiza mwezi wa tisa, nimemwahidi mtori tukitoka.