Mwanangu akicheza "baba" anaweka kijiti sikioni anasema Bwana asifiwe anatoka nje. Wachungaji na familia zenu mnafanyaje?

Mchungaji wa Milimani

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naandika kwa kirefu kidogo mnivumilie, hili jambo limenikaa moyoni wiki mbili sasa na sijamwambia mtu zaidi ya mke wangu.

Mimi ni mchungaji wa Kilutheri huku Njombe, usharika wetu una mitaa mitano na ule wa mbali kabisa ni saa moja na nusu kwa pikipiki kama hamna matope. Wainjilisti wapo na wanajituma sana, ila kama mnavyojua Meza ya Bwana lazima niende mwenyewe, kwa hiyo Jumapili nazunguka, Jumamosi nina watoto wa kipaimara, katikati ya wiki jumuiya, vikao, wagonjwa, misiba, ndoa zenye mgogoro. Nyumbani nina watoto watatu, binti wa kwanza ana miaka 13, wa pili 9, na wa mwisho wa kiume ana 5.

Sasa siku hiyo nimekaa dirishani naandaa mahubiri, watoto wa jirani wamekuja wanacheza na wangu pale chini ya mparachichi, ule mchezo wa baba na mama, mmoja anapika matope kwenye kopo, mwingine kabeba gunzi mgongoni ndo mtoto. Huyu wangu mdogo ndo alikuwa baba. "Mama" akamkaribisha chakula. Mwanangu akaokota kijiti akakiweka sikioni akasema "Bwana asifiwe, poleni sana, nakuja sasa hivi", akainuka akaenda kusimama kule kwenye ua wa michongoma. Akakaa hukohuko. Wenzake wakaendelea kula matope yao kama kawaida, hakuna hata mmoja aliyemuita arudi, baadae nikasikia "mama" anasema haya watoto laleni, baba atakuta chakula kimefunikwa.

Nilishindwa kuendelea kuandika. Hakuna mtu aliyemfundisha yule mtoto, anaigiza anachokiona, na kwa akili yake baba ni mtu anayesema poleni kwa watu wengine halafu anaondoka.

Na hata nikiwepo sijui kama nipo. Jioni nikiwahi nawakusanya kwa ibada ya nyumbani, sasa mimi kuhubiri nimezoea basi dakika kumi zinakuwa arobaini, watoto wanasinzia. Juzi nimemuuliza binti yangu mkubwa swali kwenye neno akanijibu "ndiyo mchungaji". Hakuwa na dharau, ulimi ulimponyoka tu na yeye mwenyewe akashtuka. Mimi ndo sikulala.

Paulo anamwandikia Timotheo, mtu asiyejua kuisimamia nyumba yake mwenyewe atalitunzaje Kanisa la Mungu. Nimelihubiri hilo neno mara nyingi mno nikiwaelekezea wazee wa kanisa. Naombeni wachungaji wenzangu, wake wa wachungaji, hata nyie mliokulia nyumba za wachungaji, mniambie ukweli mnafanyaje, na nyie watoto mlikuwa mnataka nini kwa baba zenu.

Mama Mchungaji wa zamani

Asifiwe sana baba mchungaji. Mimi ni mke wa mchungaji mwaka wa 22 huu na tumehamishwa mara nne, kwa hiyo naongea ninachokijua. Nyumba ya mchungaji haina mlango, hodi ya kwanza saa kumi na mbili asubuhi, chai uliyopika ya watu watano inanywewa na kumi, na wewe mama unatakiwa ucheke. Hilo nilishalikubali, ni huduma na nimeipenda kweli, kuna watu wameokolewa na ndoa zao kwenye makochi yetu yale yaliyochanika. Ila kuna kitu hukukisema na mimi nakwambia ndo kinawaumiza watoto kuliko hata hizo safari zako. Ni ile kauli ya "usifanye hivyo, wewe ni mtoto wa mchungaji". Mwanangu wa pili alikuwa akipasua glasi hawaulizi amejikata wapi, wanasema na mtoto wa mchungaji naye! Sisi wenyewe wazazi tulikuwa tunaisema. Mtoto anakua anaona hapendwi yeye, anatunzwa kama kitambaa cha madhabahuni kisiingie doa. Siku tulipoacha kuisema ile kauli ndani ya nyumba nilianza kumsikia anaimba tena bafuni.

Kuhusu simu, kwetu saa moja hadi saa mbili jioni simu yake nakaa nayo mimi. Ikiita napokea, nikisikia msiba au mgonjwa nampa hapohapo na anaondoka hata kama kashika tonge, nikisikia kwaya wamegombania sare namwambia ndugu mpigie kesho asubuhi. Mwanzo walinisema sana, kwamba mama mchungaji anamfunga mchungaji, wakazoea.

Halafu nikuulize kwa upendo baba. Umesema umemwambia mke wako. Ulimwambia, au ulimuuliza yeye anaonaje? Maana inawezekana hiyo michongoma yeye anaiona miaka yote.

Mtumishi asiyechoka

Mchungaji mimi nitatofautiana na wengi hapa naomba msinichukie. Wito ni wito. Yesu mwenyewe amesema apendaye mwana au binti kuliko mimi hanistahili, Mathayo 10:37, hajaweka nyota pale chini kwamba isipokuwa wachungaji wenye watoto wadogo. Siku hizi tumekuwa na watumishi wa saa za ofisi, mtu anakata roho unaambiwa mchungaji yuko na familia. Baba yangu alikufa usiku wa manane na mchungaji wetu alitembea kwa miguu kwenye mvua akafika akamshika mkono, na mimi niko kwenye wokovu leo kwa sababu ya ule usiku. Yule mchungaji naye alikuwa na watoto. Angebaki nao mimi ningekuwa wapi?

Mchungaji wa Milimani

Mtumishi nakushukuru, na siwezi kukuchukia kwa hilo, nimelisoma mara tatu. Huo usiku wa baba yako ndo sababu na mimi nikaingia chuo cha theolojia, kuna mchungaji alitufanyia vilevile. Sitaki kufika mahali mtu anakata roho mimi nimezima simu, na nikifika huko aliyeniweka wakfu anivue joho.

Ila nikichukua daftari langu la mwezi uliopita nikahesabu safari zote zilizonitoa mezani, wanaokufa walikuwa wawili. Zilizobaki ni vikao ambavyo vingeweza kufanyika mchana, na sherehe mbili nilizoenda kwa sababu nilipenda kuonekana nimekuja. Hapo siwezi kusema nilikuwa nampenda Kristo kuliko mwanangu, nilikuwa napenda kusalimiwa. Na huyohuyo Paulo anasema asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani, 1 Timotheo 5:8, nayo haijawekewa nyota.

Sisi Walutheri tunasoma sana habari za Martin Luther, mwanzilishi wa kanisa letu, na zile hoja zake 95 za kulikosoa kanisa alizobandika mlangoni, lakini mwaka 1522, kabla hata hajaoa, aliandika kuhusu ndoa kwamba baba anayefua nepi za mtoto wake kwa imani watu watamcheka, ila Mungu na malaika wanafurahi. Akaja kumuoa Katharina mwaka 1525, wakapata watoto sita. Binti yao Magdalena alifariki 1542 akiwa na miaka 13, na Luther akamwandikia rafiki yake Justus Jonas kwamba yeye na mkewe walipaswa kumshukuru Mungu kwa kuondoka kwake kwa amani, ila wanashindwa, uchungu ni mkubwa mno. Mtu aliyefundisha nusu ya Ulaya habari za imani anakiri hivyo kuhusu mtoto mmoja! Na wangu ana miaka hiyohiyo 13, yuko chumba cha pili hapo anasoma, na mimi sijui hata rafiki yake wa karibu anaitwa nani.

Mtoto wa Pasta, Meru

Bwana asifiwe pasta. Umeuliza watoto tulikuwa tunataka nini, wacha nijibu. Baba yangu alikuwa mhubiri wa Methodist, tulikuwa tunahamishwa kila baada ya miaka michache, nimesoma shule tano za msingi na kila mahali unaanza upya kutafuta marafiki na wote wanakuogopa ati utawaripoti kwa baba.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, na siku moja alisimulia mezani habari za Susanna Wesley, mamake John Wesley mwanzilishi wa Methodist, vile alizaa watoto 19 ingawa wengi walifariki wakiwa wadogo, na waliobaki kila mmoja alikuwa na jioni yake ya kukaa na mama peke yake, John yake ilikuwa Alhamisi na hata akiwa mtu mzima alikuwa bado anaikumbuka hiyo Alhamisi. Baba hakusema kitu. Wiki iliyofuata akatuambia kila mtu ako na siku yake. Yangu ilikuwa Jumatano.

Pasta, hatukuwa tunafanya kitu kikubwa. Jumatano ilikuwa siku ya kupeleka mahindi kusaga, tulikuwa tunaenda na yeye kwa miguu, yeye amebeba debe kwa bega na watu wanashangaa pasta amebeba debe. Hakuwa ananihubiria. Alikuwa anauliza mpira ulikuwaje, mwalimu gani ni mkali, ananionyesha mahali alianguka na baiskeli akiwa kijana. Nusu ya hizo Jumatano alizikosa kwa sababu ya matanga na mikutano, nisikudanganye. Lakini akikosa, asubuhi yake alikuwa ananiambia "nina deni lako", na deni alikuwa analipa, hata kama ni Ijumaa usiku tuzunguke boma na tochi kuangalia kuku.

Nikiwa kidato cha pili nilikataa kwenda kanisa karibu mwaka mzima. Washirika walimsema mpaka akaitwa kwa kikao juu yangu. Hakunilazimisha. Na mimi mwaka huo wote sikuwahi kukataa kwenda kusaga.

Mzee wa Usharika

Shalom. Mimi si mchungaji, ni mzee wa kanisa miaka 14, na nimesoma hapa nikaona aibu maana hizo simu tunapiga sisi. Mwezi uliopita nimempigia mchungaji wetu saa nne usiku kumuuliza ufunguo wa stoo ya viti uko kwa nani. Alipokea kwa upole kabisa. Sikuwaza kama kuna mtoto anamwangalia.

Wachungaji mkihubiri Kutoka 18 huwa mnakimbilia pale Yethro anapomwambia Musa jambo hili ufanyalo si jema, agawe kazi kwa wakuu wa maelfu na mia na hamsini na kumi. Rudini nyuma kidogo mwanzo wa sura. Yethro hakuja peke yake, alimletea Musa mke wake Sipora na wale watoto wawili, Gershomu na Eliezeri, maana Musa alikuwa amewarudisha kwa mkwewe. Musa akatoka akamsujudia mkwewe, akambusu, wakaingia hemani akamsimulia habari zote za kazi, Farao, bahari, taabu za njiani. Labda na watoto aliwasalimia, lakini haijaandikwa! Kesho yake asubuhi yuko kazini mpaka jioni. Mimi naona yule mzee alipotoa ule ushauri alikuwa anawaza na wajukuu zake.

Kwa hiyo mchungaji usibebe hili peke yako kama dhambi ya siri. Waite wazee wako, waeleze na huo mchezo wa kijiti kama ulivyotueleza sisi. Jumatatu si siku yako ya kupumzika? Waambie waisimamie wao. Sisi wazee tukiambiwa ukweli tunaelewa, shida yenu mnatabasamu mpaka mnaanguka.

Mjukuu wa Kagera

Nitasema kifupi. Babu yangu Bukoba alikuwa mtu wa Uamsho, ule uliotokea Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaingia Uganda mpaka kwetu. Walikuwa wanasisitiza kutembea nuruni, ukikosea unaungama kwa uliyemkosea, sio kwa Mungu tu. Bibi alitusimulia siku babu alipomwomba msamaha mbele ya ndugu kwa maneno aliyomwambia jikoni, alilia kwa sababu hajawahi kuona mwanaume anafanya vile. Mchungaji, umeshamwomba msamaha huyo binti? Miaka 13 anaelewa vizuri tu.

Mchungaji wa Milimani

Wapendwa nimekawia kurudi, mniwie radhi, wiki tatu zimepita.

Mama Mchungaji, nilimuuliza mke wangu anaonaje. Aliongea saa mbili. Sitaandika aliyosema, ni yake, ila ulikuwa sahihi kuhusu michongoma.

Mjukuu wa Kagera, nilimkuta binti yangu jikoni anamenya viazi nikachukua kisu na mimi nikaanza kumenya, nikamwambia mwanangu nimewasikiliza watoto wa watu kuliko wewe, naomba unisamehe. Akasema "sawa baba", akaendelea kumenya. Nikajua ndo basi. Tumefika kama kiazi cha kumi hivi akaniuliza kama najua hesabu za sehemu, maana mwalimu wao anakwenda haraka sana. Sizijui vizuri, tumezihangaikia wote mpaka usiku. Rafiki yake nimeshamjua jina.

Ibada ya jioni sasa hivi sihubiri. Wimbo anachagua mtoto, tunasoma mistari michache, kila mtu anasema kitu kimoja cha siku yake, tunaomba, tumemaliza. Wa miaka 9 anasema siku zote kitu kilekile cha mbuzi wa jirani na mimi nasikiliza.

Mzee, nimekaa na wazee. Mmoja alinuna, wengine wamekubali Jumatatu simu zianzie kwa mwinjilisti, labda iwe msiba au mgonjwa mahututi. Jumatatu ya kwanza ilienda vizuri. Ya pili mzee wetu mmoja alifariki alfajiri, nikaenda, na mke wangu ndo aliyenitolea koti. Mtumishi nilikukumbuka sana siku hiyo.

Naishia hapa maana nimeitwa mtaa wa tatu kuna bibi anaumwa anataka kuombewa. Huyu mdogo ameshavaa helmeti yangu yuko juu ya pikipiki anapiga honi, nimemuahidi leo tunaenda wote. Waliobaki nitawajibu tukirudi.