Triga ya hatua moja kwa Remington 700 ya kuwindia, nichukue ipi?

Mtoto_wa_Muheza
Wakuu habari za leo. Niko Pennsylvania huku juu karibu na Erie, mwaka wa nne sasa nawinda kulungu, yule wa mkia mweupe. Mwaka jana nilinunua bunduki, Remington 700 ya risasi za .30-06, mtumba kwa jirani, mtutu safi, mbao safi, skopu haihami. Shida triga. Nzito balaa, na jirani mwenyewe alishaniambia aliikaza skrubu enzi wanae wanajifunza, sasa mi nikivuta navuta navuta mpaka nasahau nilikuwa navuta nini, ikija kufyatuka mtutu umeshahamia kulia. Msimu uliopita nimemkosa dume yadi 120 hivi, kasimama ananiangalia kabisa, risasi ikapita mbele ya kifua. Simlaumu mtu, kidole ni changu. Ila nataka kubadilisha triga kabla hawajafungua msimu ile Jumamosi baada ya Thanksgiving, sikukuu yao ya mwezi wa kumi na moja. Nataka ya hatua moja, zile za kuvuta mara mbili sizitaki. Bajeti dola 200. Wengine wanasifia triga za kampuni ya Timney, wengine za TriggerTech. Na uzito wa kuvuta niuweke paundi ngapi? Jamaa mmoja renji kaniambia paundi moja na nusu ndo mpango mzima.

Nungunungu
Kaka yadi 120 unamkosa halafu unatafuta triga? Nunua boksi tano za risasi uende ukafanye mazoezi 😂

FundiSpringi
Nungunungu muache mwenzio, ingawa hujakosea sana.

Mkuu, paundi moja na nusu ni ya mtu anayepiga karatasi, kalala kifudifudi kwenye mkeka, bunduki iko juu ya stendi na kahawa pembeni. We uko juu ya mti saa kumi na mbili asubuhi, barafu, glavu, kidole hakina habari, moyo unapiga ngoma kwa sababu kitu kimesogea vichakani. Hapo triga nyepesi inafyatuka kabla hujaamua. Kwa kuwinda weka kati ya paundi mbili na nusu na tatu na nusu, tatu kamili haijawahi kumsumbua mtu.

Alafu kuna kitu watu wanachanganya. Uzito sio adui yako mkubwa, adui ni kukwaruza. Triga ya paundi 3 inayokatika ghafla kama kijiti kikavu utaiona nyepesi kuliko ya paundi 2 inayoburuzika kama droo ya kabati lililovimba kwa mvua. Hatua moja maana yake ndo hiyo, ukigusa hakuna ulegevu, umefika ukutani, unaongeza nguvu kidogo imekwenda. Na ikishakwenda isiendelee kurudi nyuma sana, maana ule mwendo wa ziada ndo unaotikisa mtutu.

Kabla hujatoa hela pima uliyonayo. Kama huna mizani ya triga chukua chupa ya plastiki na kamba. Bunduki tupu, umechungulia chemba, pale risasi inapokaa, mara mbili, risasi ziko chumba kingine, bolti (kile chuma kinachofunga chemba) imefungwa pini imekokiwa, mtutu juu wima. Kamba ining'inie katikati ya triga, mimina maji taratibu mpaka ilie tik. Lita moja ni kilo moja, na kilo ni paundi 2.2. Triga ya paundi 3 inafyatuka kwenye lita moja na theluthi hivi.

Swali la muhimu sasa: hiyo bunduki ni ya mwaka gani, na uso wa triga pale kidole kinapokaa una mifereji au ni laini?

Mtoto_wa_Muheza
Nimepima na chupa, wife ananiangalia kama mwehu. Maji yamefika lita 2.6 ndo ikalia, nilitumia chupa mbili. Mwaka jirani anasema 2009, alinunua mpya. Uso ni laini kabisa, umepinda kidogo.

FundiSpringi
Basi stop. Usiweke risasi humo tena mpaka hiyo triga itoke.

Hiyo laini inaitwa X-Mark Pro. Aprili 2014 Remington wenyewe walitangaza zirudishwe kiwandani zikarekebishwe, Model 700 na Model Seven zote zenye triga hiyo zilizotengenezwa kuanzia tarehe 1 Mei 2006 mpaka 9 Aprili 2014. Sababu ilikuwa ile gundi ya kuziba skrubu kiwandani, ikizidi ndani ya triga bunduki inaweza kufyatuka bila kuguswa. Yako ya 2009 iko katikati kabisa. Inawezekana jirani aliipeleka ikarekebishwa, muulize, ila hata kama aliipeleka yeye mwenyewe ameshaichokonoa skrubu, kwa hiyo hakuna anayejua iko hali gani. Kampuni nayo ilifilisika ikauzwa vipande vipande 2020. Usipoteze muda na barua, toa yote weka mpya. Yenye mifereji usije ukadhani ndo salama, ile ya zamani nayo ina kesi zake za miaka mingi.

Paundi 5 na robo tatu kwa bunduki ya kilo nne, hapo hata mimi ningemkosa huyo dume.

Ya kununua: zote mbili ulizotaja ni nzuri, sitakudanganya kwamba moja ni malaika. Timney wako Arizona, kazi hii tangu 1946, ya 700 inakuja imewekwa paundi 3 tayari, waweza kushuka mpaka moja na nusu au kupanda mpaka nne. TriggerTech ni Wakanada, ndani wameweka karola kadogo, yaani kachuma ka duara kanakoviringika, kati ya vile vyuma viwili vinavyoshikana, kwa hiyo badala ya chuma kuteleza juu ya chuma kinaviringika, ndo maana hausikii kukwaruza kabisa. Ile ya bei ya chini, Primary, nayo ni paundi moja na nusu mpaka nne, na ukizungusha skrubu unahesabu klik. Kwa baridi ya kwenu mi ningechukua ya karola. Bei hazipishani sana. Na kwa sheria za huko triga sio bunduki, inakuja na posta mpaka mlangoni.

ANGALIA: 700 ile nyusi, kale kachuma ka kubonyeza, ya kuchomolea bolti iko kwenye triga yenyewe. Zinauzwa zenye nayo na zisizo nayo. Ukiagiza isiyo nayo bolti hutaitoa kusafisha mtutu. Nimeona watu wazima wanalia kwa hiki.

Bwana_Korongo
Salamu kutoka Arusha vijana. Mimi natumia CZ 550 ya .375 H&H, nimefuatana na wageni wa uwindaji miaka mingi. Hizi CZ zina triga ya kusukumwa mbele kwanza, ukisukuma inakuwa nyepesi kama nywele. Sijawahi kuisukuma porini. Kwa nyati nataka triga nzito kiasi, paundi tatu na nusu hata nne, kwa sababu ukikimbia na bunduki imekokiwa, jasho, miiba, mtu nyuma yako anakushika bega, hiyo nyepesi itamuua mwenzako kabla ya nyati. Kulungu wenu hakukimbizi, lakini mtini mtu anaweza kuteleza.

Huyu Muheza akija likizo aniletee hiyo ya karola ya CZ kama ipo, nitamlipa.

FundiSpringi
Shikamoo mzee. Hapo tusimponze kijana. Kipuri cha bunduki kutoka Marekani kina taratibu zake za leseni ya kusafirisha nje, sio kitu cha kutumbukiza kwenye begi kati ya shati na vitenge. Na huko kwetu silaha yako imesajiliwa polisi, anza na wao na fundi mwenye leseni.

Bwana_Korongo
Marahaba. Umesema kweli, nafuta ombi.

Kichaka_Montana
Naongeza la baridi. Usipake mafuta ndani ya triga, ya aina yoyote. Mi mwaka wa kwanza huku niliipulizia yale mafuta ya kopo kila nikirudi nyumbani nikijua naitunza, ikafika digrii 20 chini ya sifuri yakaganda yakawa kama asali, navuta hakuna kitu, nahesabu moja, mbili, ndo inafyatuka yenyewe! Bahati mtutu uliangalia kilimani. Sasa hivi nasafisha na ile petroli ya kiberiti, inakauka haiachi kitu.

Na za dola 40 mtandaoni usiguse. Niliwahi kununua, kampuni siitaji, safari ya tatu renji sefti, ile swichi ya usalama, ikawa pambo tu.

Mtoto_wa_Muheza
Jirani amekiri hakuwahi kuipeleka kokote, hata hakujua. Miaka yote hiyo wanae wanaishika. Alikaa kimya muda mrefu.

Nimechukua ya karola, yenye nyusi. Nimefunga mwenyewe jana mezani, skrubu mbili za mbao, pini mbili, nikasahau kabisa kwamba kuna kijispringi cha kizuizi cha bolti, kikaruka tik kikapotelea jikoni. Nusu saa tuko magotini na tochi mpaka wife akakipata chini ya friji, na sasa kila anayepiga simu anasimuliwa. Mbao ilibidi nikwangue kidogo upande wa sefti, ilikuwa inagusa. Chupa inasema lita 1.4.

FundiSpringi
Paundi 3 na kidogo, iache hapohapo. Umeifanyia majaribio? Tupu, imekokiwa, gonga kitako na nyundo ya mpira pande zote, sefti ikiwa imefungwa na ikiwa wazi. Funga bolti kwa nguvu mara nyingi. Alafu ile wanayoisahau: sefti imefungwa, vuta triga kwa nguvu, achia, ndo ufungue sefti bila kugusa triga. Ikilia tik hapo, haiendi porini.

Mtoto_wa_Muheza
Nimefanya zote, kufunga bolti mara ishirini, nyundo mpaka mtoto kaamka. Haijalia hata mara moja. Jumamosi naenda renji, jirani kaomba aje na yeye.

Nungunungu
Boksi tano usisahau.