Tupeane uzoefu: tui, samli na kiharusi, jikoni mlibadilisha nini?

Assalaam aleikum. Niko Langoni, Lamu. Baba amepata kiharusi, mkono wa kulia hauna nguvu. Hospitali wametwambia ni mshipa ulioziba, na presha na kolesteroli zote ziko juu. Mama hataki kusikia wali bila tui zito. Waliouguza, mlifanyaje?

Bi wa Shela: Pole sana mwanangu, Mungu amwafu. Sisi nazi hatukuiacha. Nakuna moja mahali pa mbili, wali naupika kwa tui jepesi na iliki, na tui la kwanza naliweka kwa mchuzi wa Ijumaa. Samaki sikaangi tena. Nampaka ndimu, kitunguu thomu na pilipili, namchoma kwa makaa mpaka ngozi ipasuke, na mume wangu siku hizi huyo ndiye anayemtaka. Samli imebaki ya Idi. Mahamri ndiyo yalileta kelele nyumbani.

Muuguzi, Malindi: Samli na mafuta ya nazi ni mafuta yanayoganda, na hayo hupandisha kolesteroli mbaya. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku. Kwa anayekula kalori 2,000 ni kama gramu 22, na vijiko vikubwa viwili tu vya mafuta ya nazi vinafika hapo. Ila msimlaumu mama kwa tui lake. Ushahidi wa mafuta haya kuleta kiharusi si mzito kama ule wa ugonjwa wa moyo. Utafiti wa Japani wa 2010, wa watu zaidi ya 58,000, uliona waliokula mengi zaidi walikufa kwa kiharusi kwa uchache, ingawa Wajapani kwa kawaida hula machache. Adui mkubwa ni presha. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko cha chai kimoja, kwa hivyo ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, mroweke na umwage maji, au umwache kabisa.

Wa Ngomeni: Naunga mkono. Mzee wetu aliacha samli akaona amepona, akaacha na vidonge vya presha. Kiharusi cha pili kikamchukua ulimi. Dawa msimamie wewe mwenyewe. Halafu, baba anameza vizuri? Wetu alikuwa akipaliwa na maji, tukawa tunamkalisha wima kabla ya kumlisha.